Kosa la Mpiga Tarumbeta

Jumatatu, tarehe 5 Agosti 1996, saa tatu asubuhi, tarumbeta ya usharika ilikuwa imelazwa juu ya gunia katika gereji moja ya Daraja Mbili, Arusha, na mtu aliyeileta alikuwa amekataa kiti. Alikuwa Mzee Ephraimu, katibu wa wazee wa kanisa la Kilutheri, ametelemka na basi la asubuhi kutoka juu ya Makumira. Alisimama kofia mkononi, akiitazama mikono ya fundi.

Fundi huyo, Gadiel Nnko, alikuwa na miaka hamsini na minane. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuziba rejeta za magari. Kwa kuwa rejeta ni shaba na tarumbeta ni shaba, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuipiga tarumbeta kwa miaka thelathini, sharika nyingi kati ya Arusha na Usa River zilimletea vyombo vyao. Hakukuwa na mwingine wa kupelekewa.

"Hii imeanguka," alisema Gadiel.

"Haikuanguka. Imekaliwa."

"Na nani?"

"Mpiga besi. Tulikuwa kwenye pikapu, tunatoka harusini."

Arnold, mwenye gereji, alikuwa chini ya Peugeot; miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. "Mzee, huyo mpiga besi ana kilo ngapi?"

"Za kutosha," alisema Ephraimu.

Gadiel alizichomoa pistoni tatu, akaziosha kwa petroli, akazifuta, akazitia mafuta ya cherehani aliyoyachukua nyumbani kwa mke wake. Bomba lililobonyea alilinyoosha kwa kulipitisha kipande cha chuma cha mviringo na kuligonga polepole kwa nyundo ya mti. Ufa mdogo aliuziba kwa lehemu. Kazi nzima ilichukua saa moja na robo. Kisha akaishika tarumbeta ile kwa kitambaa, akamkabidhi Ephraimu.

Hapo ndipo ulipofuata utaratibu wa kila mara. Gadiel alikuwa ametengwa na kanisa. Mtu aliyetengwa aliweza kukitengeneza chombo cha kanisa, lakini hakuruhusiwa kukipuliza. Utaratibu huo haukuandikwa popote. Ulikuwepo tu, na wote wawili waliufuata. Kwa hiyo aliyepaswa kuijaribu tarumbeta ni Ephraimu, ambaye hakujua kupiga. Aliiweka mdomoni, akavuta pumzi, mashavu yakamjaa, ikatoka sauti kama ya ndama aliyebanwa na mlango.

Miguu ya Arnold ilitikisika.

"Pistoni ya pili inabana?" aliuliza Gadiel.

"Nitajuaje?"

"Na mimi nitajuaje?"

Walitazamana. Ephraimu aliifunga tarumbeta katika shuka. "Mama yako yuko kitandani wiki ya pili sasa," alisema. "Amenituma nikuambie upande."

"Nilipanda mwezi uliopita."

"Amesema upande tena. Ana jambo."

*

Mambo ya Gadiel yanayoweza kuthibitishwa ni haya. Alijifunza tarumbeta katika kikundi cha usharika wa kwao akiwa na miaka kumi na mitatu, na katika mwaka wa pili alikuwa akipiga sauti ya kwanza, mbele ya watu wazima. Mwaka 1961 aliteremka Arusha. Mwaka 1962 aliingia Themi Jazz, bendi ya watu saba: magitaa matatu, ngoma, waimbaji wawili na yeye. Januari 1969 bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam ikarekodi nyimbo sita. Moja ilipigwa redioni mwaka ule wote, na katikati ya wimbo huo, gitaa linapopumzika, tarumbeta inabaki peke yake kwa muda wa sekunde hamsini na mbili. Watu wa Arusha walizijua hizo sekunde kwa moyo. Wauza nyama walizipiga mluzi sokoni.

Mwaka 1974 kiwanda kimoja cha umma kiliichukua bendi kikaifanya yake, kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Wapigaji waliajiriwa. Katika karatasi Gadiel alikuwa karani wa stoo, na kwa kweli siku za Jumatatu hadi Alhamisi alihesabu magunia. Ijumaa hadi Jumapili alipiga. Mshahara ulikuwa mmoja.

Mwaka 1992 kiwanda kiliuzwa. Vyombo vya bendi viliingizwa katika orodha ya mali, kati ya mizani na matela. Ofisa aliyekuja kuvipokea alikuta tarumbeta imesuguliwa hadi unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Aliitazama, akatazama orodha, akasema, "Mbona hakuna kile kipande cha kuwekea mdomo?"

"Orodha yako imeandika nini?" aliuliza Gadiel.

"Tarumbeta moja."

"Hiyo hapo, moja."

Ofisa alitia saini. Kipande cha mdomo kilibaki mfukoni mwa Gadiel, na kila asubuhi kwa miaka minne iliyofuata alikipuliza peke yake dakika ishirini, bila chombo, midomo isije ikalegea. Sauti yake ni kama ya nzi mkubwa ndani ya chupa. Wapangaji wenzake walizoea.

Wengine wa Themi Jazz walitawanyika. Wawili walikufa. Mpiga gitaa la solo alifungua duka la mitumba Moshi. Baa zilizowahi kuwalipa watu saba sasa zilimlipa kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme, ambacho ndani yake mna ngoma, gitaa na hata tarumbeta. Gadiel alikisikiliza mara moja, akiwa amesimama nje, hadi wimbo ukaisha. "Kiko sawasawa," alimwambia mke wake alipofika nyumbani. "Hakikosei. Lakini hakipumui." Hakurudi tena kukisikiliza.

Na kuhusu kutengwa: Jumapili moja ya Machi 1969, wimbo wao ukiwa ndio kwanza umeanza kusikika redioni, Gadiel alipanda kwao kwenda ibadani. Mzee wa kanisa mmoja alimzuia mlangoni, akamwambia, "Huna nafasi Mezani pa Bwana. Ulichofanya unakijua." Gadiel alikijua. Alipiga muziki wa dansi baani, na sasa nchi nzima ilikuwa inasikia. Hakuuliza. Aligeuka akatelemka. Njia ya kurudi kundini ilikuwa wazi kwa kila aliyetengwa: asimame mbele ya wazee, akiri kosa lake, apokelewe. Alikuwa tayari kukiri mengi. Kuna miaka alikunywa kuliko inavyofaa, na aliweza kuitaja mmoja mmoja. Lakini kuiita tarumbeta dhambi, hilo hakulikubali mwaka 1969, na hakuona ni kitu gani kilikuwa kimebadilika tangu hapo.

*

Jumatano, tarehe 7, alipanda kwa mama yake. Bibi Tabea alikuwa na miaka themanini na moja. Alilala katika chumba cha mbele, dirisha likitazama migomba, na binti yake Aikande, mdogo wake Gadiel, alikuwa akimlisha uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Aikande, mpe ndizi." Alisubiri hadi sahani ikaletwa na mwanawe akaanza kula. "Nakufa," alisema.

"Daktari amesema—"

"Daktari ana miaka mingapi? Nisikilize. Siku ya kunizika, sauti ya kwanza uipige wewe."

Gadiel aliweka kijiko. "Mama, mimi siko Mezani. Unajua."

"Sikukuuliza uko wapi. Nimesema upige. Yule mtoto wa Ephraimu anapiga kama mtu anayepuliza kuni mbichi. Siendi kaburini na moshi."

Aikande alicheka, akaziba mdomo.

"Baba yako tulimzika bila wewe," mama aliendelea. "Ulisimama kule kwenye shamba la kahawa, nje ya watu, umeweka mikono nyuma. Mimi nilikuona. Sikusema, kwa kuwa ule ulikuwa msiba wake. Huu ni wangu." Alipumzika. "Ule wimbo wenu wa redioni niliusikia kwa jirani. Walipotaja bendi sikuelewa, Kiswahili changu kilikuwa kidogo. Lakini tarumbeta ilipoanza nikawaambia, huyo ni Gadiel. Wakasema umejuaje? Nikasema, anavuta pumzi pale pale alipokuwa akivuta kanisani."

Hilo Gadiel hakuwa amelijua. Kwa miaka ishirini na saba aliamini kwamba mama yake hakuwahi kuusikia.

"Nitazungumza na mchungaji," alisema.

"Kazungumze. Ndizi hizo, maliza."

*

Mchungaji Elihuruma alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na alikuwa amemaliza masomo ya theolojia hapo chini Makumira miaka minne iliyopita. Alikuwa mtu wa karatasi. Meza yake ilikuwa safi, penseli zimechongwa. Alhamisi saa nne asubuhi alimkaribisha Gadiel, wakasalimiana, akamwacha aseme.

"Nimekuja kukueleza mapema ili usije ukaaibika mbele ya wazee," alisema Gadiel. "Nataka kurudi. Nitakiri ulevi, wa kuanzia sitini na tatu hadi themanini. Nitakiri ugomvi mara mbili, mmoja wa chupa. Tarumbeta sitaitubia."

"Nani amesema utubie tarumbeta?"

"Ndilo kosa nililotengewa."

"Umeliona limeandikwa?"

"Sijaliona. Niliambiwa."

"Kwamba umetengwa kwa ajili ya muziki?"

Gadiel alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kilichoulizwa. "Hapana," alisema. "Niliambiwa kwamba ninakijua nilichofanya."

Mchungaji alifungua kabati, akatoa daftari lenye jalada jeusi, pembe zimeliwa na mende. Alifunua kurasa bila haraka. Alipofika, alisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti: "Namba arobaini na moja. Gadiel Nnko. Tarehe mbili Machi, sitini na tisa. Ametengwa. Sababu: ndoa Roma."

"Endelea."

"Hakuna zaidi. Sababu ina maneno mawili."

Jumamosi, tarehe 8 Februari 1969, Gadiel alikuwa amefunga ndoa na Fransiska, binti wa Kibosho, katika kanisa la Kikatoliki la kwao binti. Baba mkwe hakukubali kwingine. Ilikuwa wiki tatu kabla ya kuzuiwa mlangoni. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuziweka tarehe hizo mbili pamoja.

Alilisogeza daftari akajisomea mwenyewe. Kisha akaomba karatasi na penseli, akainakili ile mistari, pamoja na namba.

"Siku hizi kwa jambo kama hili naandikiana tu na paroko," alisema mchungaji. "Lakini kilichoandikwa hakijifuti. Wazee wakusikie ukikiri kosa lililomo humu, nikupokee, iandikwe. Baada ya hapo unaweza kupiga chombo chochote cha usharika."

"Nikiri kwamba kumwoa Fransiska ni kosa."

"Ukiri kosa lililoandikwa," mchungaji alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kutotulia.

*

Fransiska alishona sare za shule kwa cherehani lililokaa mlangoni, penye mwanga. Tangu mitumba ijae alishona chache, lakini alishona. Gadiel alimkabidhi karatasi. Aliisoma akiwa ameshika pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka katika mto wake, akaanza kucheka. Alicheka hadi jirani akachungulia.

"Miaka ishirini na saba," alisema. "Miaka ishirini na saba nasali rozari kwa ajili ya tarumbeta yako, Mungu amsamehe mume wangu na dansi lake. Kumbe kesi ni yangu."

"Si kitu cha kucheka."

"Basi nilie? Namba arobaini na moja mimi hapa." Alijipangusa macho kwa kipande cha kaki. "Sasa mchungaji anasemaje?"

"Nikiri."

"Si ukiri, baba. Ukaseme nimekosa, umzike mama yako kwa heshima, urudi nyumbani ule. Mimi sitanuna."

"Sikukosa."

"Mimi najua hukukosa. Mke ulimtafuta, ukampata, yuko hapa anakutilia mafuta ya cherehani kwenye pistoni za Walutheri. Ulichokosa ni Meza yao." Akarudi kwenye cherehani, mguu ukakanyaga, gurudumu likazunguka. "Lakini wewe na maneno. Mtu akikwambia habari za asubuhi unatazama saa."

Gadiel aliikunja karatasi. Alikaa kwenye kibao cha mlango kwa muda mrefu, na kesho yake asubuhi hakukipuliza kile kipande chake cha mdomo.

Jumamosi, tarehe 10, saa tano asubuhi, Bibi Tabea alifariki dunia. Maziko yalipangwa Alhamisi, tarehe 15, ili ndugu wa mbali wafike. Mchungaji aliwaita wazee wa kanisa wakutane Jumatano.

Siku tatu hizo za matanga Aikande alimfuata kaka yake kila alipokwenda. Alimfuata kwenye turubai, akamfuata kwenye kuni. "Kaka, ni neno moja," alimwambia. "Watu wanalisema kila Jumapili na hawalifikirii."

"Ndiyo sababu silisemi hivyo."

"Mama ametuachia ombi moja tu."

"Nililisikia, Aikande. Nilikuwa nakula ndizi."

*

Jumatano, tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, wazee saba walikaa katika ofisi ya usharika, mabenchi mawili yakitazamana. Ephraimu alikuwa na kalamu. Gadiel alikaa peke yake karibu na mlango, amevaa koti lake la bendi la mwaka 1974, ambalo Fransiska aling'oa nembo yake na kuligeuza kola.

Ephraimu alianza. "Ndugu zangu, kosa la ndugu yetu linajulikana mpaka Usa River. Amepiga dansi baani miaka thelathini. Akiri hilo, tumpokee, kesho tuzike."

Mchungaji alifungua daftari jeusi akasoma namba arobaini na moja. Mzee mmoja alikohoa.

"Haiwezekani," alisema Ephraimu. "Aliyeandika hapo amekosea." Alinyoosha mkono, akapewa daftari, akalisogeza karibu na macho. Kisha akalirudisha mezani, taratibu.

"Mwandiko wa nani huo?" aliuliza mzee aliyekohoa, ingawa umri wake ulimtosha kujua.

"Wa baba yangu," alisema Ephraimu.

Baba yake ndiye aliyekuwa katibu mwaka 1969, na ndiye aliyesimama mlangoni.

"Basi," Ephraimu alisema baada ya kuinyoosha karatasi yake, "akiri hicho kilichoandikwa. Muziki tuuache. Lakini neno lenyewe lisemwe. Wote tuliopita mlango huu tumelisema, na mimi nimelisema, mwaka themanini na tatu, na mnajua kwa nini. Nimekosa. Bila hilo siandiki."

"Ni haki," alisema mchungaji. Alimgeukia Gadiel. "Simama, useme."

Gadiel alisimama. Aliongea kwa sauti ile ile aliyoitumia gerejini kueleza rejeta imetoboka wapi.

"Tarehe nane Februari elfu moja mia tisa sitini na tisa nilifunga ndoa na Fransiska katika kanisa la Roma, Kibosho. Ni kweli. Tungali mume na mke. Tarehe mbili Machi niliambiwa sina nafasi hapa, na mimi sikuuliza kwa nini. Nilipaswa kuuliza. Tangu siku hiyo nimekosa Meza ya Bwana, miaka ishirini na saba na miezi mitano. Nimekosa kuwasimamia wapwa wangu watano katika ubatizo, kwa kuwa sikuruhusiwa. Nimekosa kumpigia baba yangu siku alipozikwa. Nilisimama kwenye kahawa. Kesho anazikwa mama. Naomba nisikose."

Akakaa.

Nje, wanawake walikuwa wakipanga sufuria za msibani, na vifuniko vilisikika. Ephraimu alikuwa ameinua kalamu na hakuwa ameishusha.

"Hiyo," alisema, "siyo ile nimekosa yenyewe."

"Mzee Ephraimu, ulitaka neno gani?" aliuliza mchungaji.

"Nimekosa."

"Umelisikia?"

"Nimelisikia."

"Mara ngapi?"

Ephraimu alitazama dari. Alikuwa mtu mkali lakini hakuwa mtu wa kusema uongo. "Tatu," alisema.

"Mimi nilisema mara moja tu nilipoiba saruji ya zahanati," alisema mzee aliyekohoa, "na mkanipokea." Wawili wakacheka, wakajizuia.

Ephraimu alimtazama Gadiel moja kwa moja. "Unajua ulichokifanya hapa."

"Nakijua," alisema Gadiel. "Safari hii kiandikwe."

"Naandika ulivyosema. Siongezi."

"Usiongeze. Wala usipunguze."

Ilichukua dakika kumi, maana Ephraimu alimtaka arudie tarehe. Aliandika yote, hadi kwenye kahawa. Wazee saba walitia saini chini yake. Mchungaji alimwita Gadiel mbele, akampa mkono, akasoma maneno ya kumpokea.

Walipotoka, Ephraimu alikwenda stoo, akarudi na tarumbeta imefungwa katika shuka lile lile. Alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Pistoni ya pili inabana," alisema.

Gadiel aliifungua, akabonyeza mara tatu, akasikiliza. Kisha akafanya kile ambacho hakuwahi kufanya mbele ya Ephraimu: akaiweka mdomoni, akapiga noti moja, ndefu, ya chini, isiyotikisika. Wanawake kwenye sufuria waligeuka.

"Haibani," alisema. "Ni wewe."

Mchana ule alifanya mazoezi na kikundi cha tarumbeta kwa saa mbili. Walikuwa vijana sita. Hakuna aliyewahi kusikia jina la Themi Jazz. Kijana wa Ephraimu, aliyekuwa akipiga sauti ya kwanza, aliambiwa ashuke ya pili, akashuka bila kinyongo baada ya ubeti mmoja. "Mzee, unavuta pumzi saa ngapi?" aliuliza. "Sijakuona ukivuta."

"Pale ambapo mwimbaji angevuta," alisema Gadiel. "Si pale unapochoka. Tena."

*

Alhamisi, tarehe 15 Agosti, Fransiska alihudhuria misa ya asubuhi ya sikukuu katika kanisa lake, kisha akapanda na wenzake wawili wa jumuiya, wakafika saa sita. Watu walioandikwa katika daftari la rambirambi walikuwa mia nne na kumi na mmoja. Ibada ilifanyika uani. Jeneza lilibebwa kupita kwenye migomba hadi kaburini, hatua themanini hivi, na kikundi cha tarumbeta kilitangulia.

Wimbo aliouchagua Tabea una beti nne. Beti mbili za kwanza Gadiel alizipiga kama zilivyoandikwa, kila noti mahali pake, kama alivyofundishwa hapo hapo mwaka 1951. Ubeti wa tatu alianza kuchelewa kidogo. Noti ilikuja nyuma ya besi kwa nukta moja, ikakaa, ikaifikia inayofuata kwa kupandia, bila kukatika. Mpiga besi alimtazama kwa jicho la pembeni, akaelewa, akapunguza mwendo. Waimbaji walifuata bila kujua kwamba wanafuata. Aikande, aliyeshika msalaba, alisimama pale pale alipokuwa.

Kwenye kahawa, dereva mmoja mstaafu kutoka Kijenge alimshika mkono aliyekuwa karibu naye. "Huyo namjua," alisema. "Huyo ni wa Themi Jazz. Sekunde hamsini na mbili."

"Za nini?" aliuliza yule mwingine, kijana wa kozi ya umeme.

"Nyamaza usikilize."

Ubeti wa nne Gadiel aliwaonyesha wenzake kwa kichwa wanyamaze. Aliupiga peke yake, oktavu moja juu, jeneza likiwa linateremshwa kwa kamba. Macho yake yalikuwa wazi. Fransiska alikuwa upande wa pili wa kaburi, rozari imezungushwa kiganjani, na hakuificha. Ephraimu alisimama nyuma ya mchungaji, kofia mkononi, akifuata kwa midomo maneno ambayo hakuna aliyekuwa akiyaimba.

Noti ya mwisho ilimalizika jeneza lilipogusa chini. Gadiel aliishusha tarumbeta, akatikisa mate yaliyokuwa ndani yake juu ya majani, akaishika kwapani, akachukua udongo kwa mkono wa kulia. Alikuwa wa kwanza kuutupa, kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa. Wa pili alikuwa Aikande, wa tatu Fransiska.

Kaburi lilisawazishwa saa tisa kasoro robo.